Kiraka Cheupe kwenye Boti ya Meneja

Mimi sijui kuogelea, na boti nimeipanda mara moja tu, nayo ilikuwa juu ya trela. Nasema mapema ili mtu asinidhanie mtu wa ziwa. Kwetu ni milima ya Maragoli. Nilikuja Kericho nikiwa kijana, nikaanza na kuchuma chai, kazi ikanishinda kwa sababu ya hasira zangu. Chai inataka mtu mpole, vidole vyepesi, majani mawili na kichipukizi, siku nzima. Mimi nilikuwa nakwanyua mpaka matawi. Nyapara akachoka na mimi, akanipeleka karakana, na huko ndiko mikono yangu ilipopata akili.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa fundi mkubwa wa karakana ya shamba lile. Nilitengeneza bodi za malori, milango ya nyumba za wafanyakazi, meza za ofisi, na jeneza pia, mtu akifiwa. Na boti moja.

Ndiyo, boti, katikati ya chai. Watu wakisikia hucheka, lakini shamba letu lilikuwa na bwawa kubwa, na meneja, Mzungu mrefu mwenye magoti mekundu, alikuwa na boti yake ndogo ya tanga aliyoipenda kuliko hata mbwa wake. Jumapili alizungukazunguka nayo bwawani huku upepo ukimcheza shere. Likizo ikifika, boti ilipandishwa kwenye trela, ikateremshwa mpaka Kisumu kupumua maji makubwa, kisha ikarudi.

Haikuwa boti ya mbao. Ilikuwa ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoloweshwa kwa resini, ambayo ni kama gundi nzito, zikaganda zikawa ngumu. Juu ya nyuzi hizo kuna ngozi nyembamba, nyeupe, inayong'aa kama sahani ya wageni. Wenyewe wanaiita jelkoti. Unene wake haufiki hata wa ukucha wa dole gumba, lakini ndiyo inayozuia maji. Jelkoti ikipasuka, maji yanapenya kwenye nyuzi polepole, na boti inaharibika kimya kimya kama jino bovu. Hayo yote niliyajua. Nilijua na bado nikafanya nilichofanya.

Sasa, dereva. Alikuwa Mkipsigis wa upande wa Sosiot, mtu mrefu, mkimya, anayeendesha lori kana kwamba amebeba mayai. Mkewe alikuwa na mimba ya mtoto wa saba, karibu kabisa kujifungua. Na alikuwa na barua mbili.

Lazima nieleze habari ya barua. Katika shamba lile, barua ya kwanza ilikuwa onyo. Ya pili ilikuwa onyo kali. Ya tatu ulifunga virago, na kwa kuwa nyumba ni ya shamba, nyumba nayo uliiacha siku hiyo hiyo, wewe na watoto na kuku. Dereva alipata barua ya kwanza mto ulipojaa ukamfungia njia, akachelewesha majani kiwandani. Ya pili niliitafuta mimi. Alirudisha lori nyuma ya karakana akakanyaga baiskeli yangu, mpya, hata karatasi za kiwandani sijazitoa kwenye fremu. Akashuka, akaitazama, akasema, "Pole, fundi." Pole! Mimi nikatembea na miguu yangu mpaka ofisini nikamshtaki. Tangu siku hiyo hatukuongea. Nikiwa nimemaliza kazi ya lori lake nilimwambia mtu mwingine, "Mwambie dereva gari liko tayari," na dereva mwenyewe amesimama pale pale, ananisikia.

Basi Alhamisi moja jioni boti ikarudi kutoka Kisumu, nyuma ya lori lake. Ijumaa asubuhi meneja akaja karakana kuiangalia, akazunguka mbele, chini ya pua ya boti, na nikamsikia akivuta pumzi. Kipande cha jelkoti ukubwa wa kiganja kilikuwa kimetoka. Nyuzi zilionekana. Pembeni mwa jeraha palikuwa na ufa unaozunguka.

"Fundi," akaniita. "Kuja angalia. Nani nafanya hii?"

Watu wa karakana wakasogea. Dereva alikuwepo, kofia mkononi. Mimi nikainama kidogo, nikatazama kama mtu anayetazama saa ukutani, nikasimama. Hata kidole sikugusa.

"Bwana, hii imegongwa," nikasema.

"Sikugonga kitu," dereva akasema, taratibu.

"Kumbe! Basi boti ilijigonga yenyewe?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nikiwa mkweli, nilisikia raha tumboni, kama mtu aliyekula akashiba. Baiskeli yangu ilikuwa imelipwa.

Meneja hakucheka. Akamgeukia dereva, akasema kwamba Jumatatu saa mbili ataandika barua, na dereva asiguse lori mpaka hapo. Mimi akaniambia nianze kutengeneza. Dereva akavaa kofia, akaondoka. Hakunitazama, na nilidhani ni aibu ya mwenye kosa.

Jumamosi asubuhi nikaingia kazini nikipiga mluzi. Boti nilikuwa nimeipindua juu ya magogo mawili, tumbo juu. Nikaiosha kwa sabuni, nikaipangusa, nikaiacha ikauke. Kisha nikafanya kile nilichopaswa kufanya Ijumaa kabla ya kufungua mdomo wangu. Nilichukua masizi ya sufuria, nikayasugua kwa kitambaa kuzunguka jeraha lote, halafu nikapangusa kwa kitambaa safi. Masizi huingia kwenye nyufa ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona, yakabaki humo, na boti inakueleza yenyewe kilichoipata.

Kitu kikigonga faiba, nyufa hutawanyika kutoka mahali pamoja kwenda kila upande, kama jiwe likipiga kioo cha gari. Boti ikipindwa au ikikaa vibaya kwenye trela, nyufa hujipanga sambamba, moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa nasubiri nyota. Nilipopangusa, nyota haikuwepo. Wala mistari sambamba haikuwepo. Kulikuwa na ufa mmoja tu, mweusi, mwembamba, umezunguka kwa umbo la yai, ukarudi ulipoanzia.

Mluzi ukaniisha.

Nikachukua bisibisi, nikaigeuza, nikagonga kwa mpini wa mbao. Mbali na jeraha: ko, ko, ko. Mahali pazima hulia hivyo. Nikasogea karibu na lile yai: ko, ko. Nikaingia ndani yake: pu. Pu, pu, pu, kila mahali ndani ya yai, kama unagonga kibuyu kilichojaa maziwa. Nikatia ncha ya patasi kwenye ukingo, na bila nguvu yoyote jelkoti ikainuka, ikachunika kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Nyuzi za chini zilikuwa safi. Mahali palipogongwa nyuzi huchubuka, zikawa nyeupe kama chokaa. Hizi hazikuchubuka hata moja.

Nikageuza kile kipande nitazame upande wa ndani. Kilikuwa cha kahawia. Kilinata vidoleni, kama asali iliyomwagwa mezani ikasahauliwa, na ndani ya ule unato mlikuwa na manyoya madogo, laini, ya rangi ya dhahabu. Nikakileta puani.

Chai. Jamani, ilikuwa inanukia chai.

Nikakaa chini, kwenye sakafu ya karakana, ovaroli na yote. Kwa sababu kwenye nyuzi, ukifuata lile umbo la yai, kulikuwa na mstari wa penseli ya buluu, ya fundi seremala. Na penseli hiyo ilikuwa nyuma ya sikio langu.

Mwaka uliotangulia, wakati wa mvua ya masika, boti ilikwaruzwa na jiwe bwawani, mahali hapo hapo. Meneja akaniletea mkebe wa jelkoti, chupa ya dawa ya kugandisha, na karatasi ya maelezo ya Kiingereza. Karatasi niliikunja nikaitia mfukoni. Kitu kimoja tu alinisomea: mahali pa kazi pawe pakavu na pawe na joto. Pakavu, Kericho, mwezi wa nne! Kila siku saa nane mvua inanyesha kana kwamba imeajiriwa. Ndipo nikapata wazo, na nililionea fahari sana. Mahali pakavu kuliko pote katika nchi ile ya chai ni ndani ya kiwanda chenyewe, pale mashine za kukaushia zinapotoa majani yaliyoiva, karibu na vyumba vya kuchekecha. Kuna joto huko hata nguo mbichi inakauka ukiwa umeivaa. Nikaomba ruhusa, boti ikaingizwa, nikakwangua jeraha mpaka kwenye nyuzi, nikalizungushia penseli. Watu walikuja kutazama na kunipongeza. Fundi ana kichwa, walisema.

Lakini kila mtu aliyewahi kuingia kiwanda cha chai anajua kwamba hewa ya humo si hewa tupu. Majani makavu yakichekechwa hutoa manyoya, yanaelea, yanatua kwenye nyusi, kwenye mabega, kwenye uji wako. Sisi tulikuwa tumeyazoea mpaka hatukuyaona tena. Nikapaka jelkoti yangu jioni, mashine zinanguruma, nikaenda nyumbani. Asubuhi nikakuta kiraka changu kimeota manyoya kama kifaranga, na kinanata. Nilipaswa kukwangua chote nianze upya. Ila meneja alikuwa anaitaka boti mchana huo, na mimi subira nilinyimwa. Nikapangusa kwa kitambaa. Rangi ya kahawia ikabaki. Nikajiambia, rangi tu hiyo. Nikapaka koti jingine juu yake, na dawa ya kugandisha nikaongeza maradufu. Kwa dawa nyingi hivyo na joto lile, la juu likaganda, likang'aa, jeupe pe. Meneja akanishika mkono. Miaka mingi baadaye mwalimu mmoja wa kemia wa shule ya Kabianga aliniambia kwamba ndani ya chai kuna kitu kinachokataza resini kuganda, na kwamba hata ningengoja mwezi mzima, koti lile la chini lisingekauka. Siku ile sikuhitaji mwalimu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimevaa ovaroli.

Sasa nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu. Niliinuka pale sakafuni nikachukua msasa. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Nifute mstari wa penseli, nikwangue unato wote, nitupe kipande kwenye tanuri la kiwanda, basi. Nani angejua? Meneja hajui tofauti ya ufa na ufa. Mafundi wenzangu waliamini neno langu. Nikaegemeza msasa kwenye mstari, nikasugua mara moja, mara mbili. Buluu ikaanza kufifia. Mkono ukakataa. Sijui kuusifu wala kuulaumu, ulikataa tu. Nikakifunga kile kipande katika gazeti nikaenda nyumbani kabla ya king'ora cha mchana.

Mke wangu alikuwa nje ya mlango anakung'uta magunia. Nikamuuliza ya nini.

"Mke wa dereva amekuja kuazima," akasema. "Matatu. Wanafunga vitu vyao. Ameniambia akingoja Jumatatu atapata uchungu njiani, afadhali wahame mapema. Baba watoto, ungemwona alivyosimama hapo. Hata maji nimempa hakunywa."

Nikafungua gazeti, nikamwonyesha. Nikamweleza yote, tangu kiwandani mpaka msasa. Alisikiliza akiwa amekumbatia gunia. Nilipomaliza hakupiga kelele, na mke wangu alikuwa mtu wa kupiga kelele.

"Wakikufukuza wewe tutaenda wapi?" akauliza.

Kule Maragoli sehemu yangu ya shamba, baada ya kugawanywa na ndugu zangu wote, ilikuwa upana wa shuka, na nayo nilikuwa nimemwachia kaka yangu mkubwa. Tulikuwa na nyumba ya shamba, chumba kimoja na jiko, na tulikuwa na watoto wanne shuleni pale.

"Sijui," nikasema.

Akakunja lile gunia, akalifungua, akalikunja tena. "Ulisema kwa mdomo wako, mbele za watu. Basi nenda ukarudishe kwa mdomo huo huo." Halafu akaingia ndani akafunga mlango, na nikasikia analia.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilivaa koti langu moja, nikapanda mpaka nyumba ya meneja, mahali ambapo mfanyakazi hakanyagi Jumapili ila kama kiwanda kinaungua. Mbwa akanibwekea njia nzima. Meneja alikuwa ameketi barazani, miguu mitupu, anakunywa chai.

"Nini nawaka?" akauliza akisimama.

"Hakuna, bwana. Ni habari ya boti."

Nikampa gazeti. Akafungua, akageuza kipande, akagusa ule unato, akanusa. Akakitazama kile kipande, akaitazama chai iliyokuwa kikombeni mwake.

"Hii chai yangu?"

"Ndiyo, bwana. Ni chai yetu. Mwaka jana niliweka boti kwa kiwanda ikapata joto. Manyoya yakaingia kwa jelkoti. Mimi nikaona, nikapaka juu yake. Maji ya Kisumu yamepitia hapo, ikachunika. Dereva hakugonga kitu. Ni mimi."

Alianza kucheka. Alicheka mpaka magoti yakatikisika, na mimi kidogo nitabasamu naye. Kisha akanyamaza ghafla, na uso wake ukabadilika.

"Lakini wewe nasema dereva nagonga. Mbele ya watu yote."

"Nilisema."

"Wewe naangalia boti kwanza? Ama nasema tu?"

"Nilisema tu, bwana."

Hapo ndipo niliposikia aibu ya kweli. Kukosea kazi hutokea, hata aliyenifundisha alikuwa anakosea. Lakini nilikuwa nimepewa maisha ya mtu mkononi nikayatazama kama mtu anayetazama saa. Meneja akatembea mpaka mwisho wa baraza akarudi. Akasema dereva arudi kwenye lori lake Jumatatu, na barua haipo. Mimi nitapata barua, ya kwanza, na ndani yake ataandika kwamba kosa si boti. "Boti ni boti," akasema. Na Jumatatu nisimame karakana, niseme tena yale niliyosema, mara hii sawasawa. Nikakubali. Ningekubali hata viboko.

Nimalize kwanza habari ya boti, maana ile ya dereva ndiyo inayoniuma zaidi. Nilisema yale maneno Jumatatu, mbele ya watu wale wale, na safari hii hakuna aliyecheka. Kisha boti ikakaa kwenye magogo mpaka Januari, jua la kiangazi lilipotoka. Nilikwangua lile yai lote mpaka nyuzi safi, nikachonga kingo zake ziteremke polepole ili kiraka kishikane na ngozi ya zamani. Nikaosha kwa asetoni, ile dawa ya kuondoa mafuta, nikaacha siku nne zikauke. Karatasi ya maelezo nilimwomba karani anisomee yote, neno kwa neno, na ndani yake mlikuwa na jambo ambalo lingeniokoa tangu mwanzo: jelkoti haipendi hewa. Ikiachwa wazi, juu hubaki na unato. Lazima uifunike. Nikachukua plastiki safi inayokaa ndani ya gunia la mbolea, nikaiosha mara tatu. Nikajaribu mchanganyiko kwanza juu ya kipande cha kioo, kupima dawa, maana ikizidi jelkoti inapasuka na ikipungua inalala mbichi. Nilipaka asubuhi, nje, mbali na kiwanda, nikalaza plastiki juu yake na kuibandika kingo zote kwa utepe. Jua likafanya kazi yake. Siku ya pili nikabandua plastiki, nikagusa kwa kidole: kavu, ngumu. Nikaenda kwa msasa wa maji, mkali kwanza, halafu laini, halafu laini zaidi, nikamalizia na dawa ya kung'arishia shaba. Nikagonga kwa mpini wa bisibisi. Ko. Niligonga mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ila siku ile ya Jumapili, nilipotoka kwa meneja, sikurudi nyumbani. Niliteremka moja kwa moja mpaka laini ya nyumba za madereva. Nilikuta vitu vyao viko uani: sufuria, godoro limeviringishwa, meza, magunia yetu matatu yamejaa na kufungwa kamba, na kitanda kikubwa cha mbao kimesimamishwa ukutani. Dereva alikuwa ameketi juu ya sanduku. Watoto waliponiona wakasogea karibu na baba yao.

"Chamgei," nikasalimia kwa lugha yao. Ilikuwa mara ya kwanza kumsalimia tangu baiskeli.

"Chamgei mising," akajibu. Hakuinuka.

Sikujua kupamba. Nikasema, "Dereva, wewe hukugonga. Ni kiraka changu cha mwaka jana. Nilikipaka juu ya manyoya ya chai. Nimetoka kwa meneja sasa hivi, nimemwambia. Kesho unarudi kwa lori. Nisamehe."

Nilitegemea atashangaa. Hakushangaa. Alitia mkono kwenye mfuko wa koti lake, akatoa kitambaa, akakifungua juu ya goti. Ndani yake kulikuwa na kipande cha jelkoti ukubwa wa kiganja, cheupe upande mmoja. Akakigeuza. Upande wa pili ulikuwa wa kahawia, una manyoya.

"Nikitoka Kisumu nilisimama Ahero kukaza kamba," akasema. "Nikakikuta kwa trela. Nikakinusa. Mimi ndiye nilivuta hiyo boti nikaiingiza kwa kiwanda, fundi. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Alikuwa mtu wa pembeni kwangu hata wakati huo.

"Kwa hiyo Ijumaa ulikuwa nacho mfukoni?"

"Nilikuwa nacho."

"Nikikucheka?"

"Ukinicheka."

"Sasa, ndugu yangu, kwa nini hukukitoa?"

Alikifunga tena kile kipande katika kitambaa, polepole, kona baada ya kona. "Nilikasirika," akasema. "Usifikiri sikukasirika. Nilitaka kukupiga nacho kwa uso. Lakini nikafikiria, mimi nikifukuzwa nitaenda kwa baba yangu Sosiot. Tutabanana, ndugu zangu watanuna, lakini ni mwendo wa asubuhi moja, na bibi yangu atazalia kwa mama yangu. Wewe wakikufukuza, utapeleka watoto wapi?"

Nilikuwa nimempelekea barua moja kwa ajili ya chuma, na nyingine kwa ajili ya kicheko, na yeye alikaa siku tatu na kazi yangu mfukoni, akihesabu watoto wangu.

"Na kesho?" nikamuuliza. "Kama nisingekuja, kesho ungekitoa?"

Alifikiri kweli. Aliwatazama watoto wake, akatazama tumbo la mkewe aliyekuwa amesimama mlangoni. "Sijui, fundi," akasema. "Haki ya Mungu, sijui."

Mkewe akapiga makofi mara moja. "Wanaume mnaongea tu, na mvua hiyo inakuja, na kitanda changu kiko nje!"

Dereva akainuka akashika upande wa kichwani, mimi nikashika wa miguuni. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Kutoka uani mpaka ndani zilikuwa hatua sita, na zote sita nililia, sikujificha, na yeye alikuwa anarudi kinyumenyume mbele yangu akiniambia, "Pole, fundi, pole, kuna kizingiti hapo."